Kuunda Ulimwengu wa Kubuni Kutoka Simbi Hadi Thimlich: Mchezo-Simulizi wa Mtandaoni kwa Kiswahili

Utangulizi

Bunilizi ni kazi ya kale kuliko maandishi, lakini kila kizazi huipatia uwanja mpya. Mojawapo wa nyanja za kizazi hiki ni mchezo-simulizi wa mezani, yaani mchezo ambamo watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akavaa nafsi ya mhusika, kisha wakasimuliana safari ya wahusika hao katika ulimwengu usiokuwepo. Meza yenyewe siku hizi si lazima iwe ya mbao. Mchezaji mmoja anaweza kuwa Awendo, wa pili Mbita, wa tatu Muscat na wa nne Minneapolis. Mtandao ukawaunganisha, wakawa na ramani moja mbele ya macho yao na dadu moja inayorushwa na programu ya kompyuta.

Makala haya yanashughulikia swali moja: ulimwengu wa mchezo wa namna hiyo huundwaje, na ungeundwaje iwapo malighafi yake ingechotwa katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, na lugha yake ikawa Kiswahili? Swali hili halihusu burudani pekee. Kijana wa Kendu Bay anayeingia katika mchezo huu kwa mara ya kwanza hukaribishwa na ngome za Ulaya, theluji, majoka yatemayo moto na wafalme wenye panga ndefu. Hakaribishwi na ziwa la kijani lililo karibu na kwao, ambalo wazee husema lilimeza kijiji kizima kwa usiku mmoja. Hujifunza kuogopa vitu ambavyo bibi yake hakuwahi kuviogopa, na akiulizwa abuni nchi, huibuni ile aliyokwisha kuipewa.

Mwendeshaji na mtambaji

Mchezo uliozaa jamii nzima ya michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Mchezaji mmoja huwa mwendeshaji. Yeye hueleza mahali, hali ya hewa, watu wanaokutwa njiani na matokeo ya matendo. Wengine husema wahusika wao wanafanya nini. Pale ambapo tendo laweza kufaulu au kushindwa, dadu hurushwa, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya nyuso 20, na idadi inayotokea huamua. Mwendeshaji akisema kwamba Mto Kuja umefurika na mtumbwi wa pekee uko ng'ambo, mchezaji hujibu kwa kauli na hana haja ya kubonyeza kitufe: "Namwita mwenye mtumbwi kwa jina la babu yake." Hapo mwendeshaji atauliza kama mhusika huyo ana njia ya kulijua jina hilo. Kama hakuna hakika, dadu itaulizwa.

Msomaji aliyezoea fasihi simulizi ataona mara moja udugu wa mchezo huu na utambaji wa ngano. Miongoni mwa Waluo, watoto walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, wakasikiliza na kujifunza kusimulia. Hadhira ya siwindhe haikuwa bubu. Iliitikia, iliuliza, ilicheka. Hata hivyo kuna tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha kazi nzima ya uundaji ulimwengu. Mtambaji huijua hadithi yake kabla ya kufungua kinywa. Mwendeshaji huijua dunia yake tu. Hadithi haijui, kwa kuwa hadithi itatokana na maamuzi ya wachezaji na ukaidi wa dadu. Mwanzilishi wengi hukosea hapa. Huandika kisa kirefu chenye mwanzo, kilele na tamati, kisha wachezaji wakageuka kushoto pale alipotaka waende kulia, na kurasa 40 zikawa karatasi za kufungia maandazi.

Anachopaswa kukitunga, basi, ni dunia itakayoweza kujibu swali lolote. Ili ijibu, ni lazima iwe na sheria zake. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwanaisimu kabla hajawa mtunzi mashuhuri, alilieleza jambo hili katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za kimazimwi: mtunzi huumba ulimwengu wa pili, na msomaji huuamini maadamu unafuata kanuni zake wenyewe. Jua likiwa la kijani, ni lazima kila kitu kiwe kama kinavyostahili kuwa chini ya jua la kijani.

Kusadikika kama ramani

Kiswahili hakikungoja mchezo wa Marekani ili kianze kuunda nchi. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, nchi inayoelea angani, na baada ya kifo chake ikachapishwa Kufikirika mwaka 1967. Wanafunzi wengi wamevisoma vitabu hivi kama istiari ya utawala dhalimu, na usomaji huo ni sahihi. Lakini aghalabu wanasahau kutazama ufundi wa nchi yenyewe. Katika Kusadikika, Karama anapojitetea mbele ya baraza, anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila upande una desturi zake na kila mjumbe anarudi na jambo linaloikosoa nchi yake. Hiyo ni ramani ya mchezo iliyokamilika. Mwendeshaji angeweza kuwakabidhi wachezaji sita nyadhifa za wajumbe hao na kuanza kikao jioni hiyohiyo.

Zaidi ya hayo, jina lenyewe ni mtambo wa kubuni. Kitenzi "sadiki" kimenyambuliwa kikawa nchi. Katama Mkangi alifanya mchezo wa aina nyingine mwaka 1995 kwa jina Walenisi, ambamo "wale ni sisi" imebanwa ikawa jina la mahali. Kyallo Wadi Wamitila naye, katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002, alipeleka msafiri wake katika kijiji cha utandawazi. Mwanafunzi anayedhani kwamba ulimwengu wa ajabu ni bidhaa ya kuagiza kutoka ng'ambo amepitwa na rafu ya vitabu ya shule yake ya upili.

Kila mahali na kazi yake

Ramani ya mchezo haipambwi kwa milima ili ipendeze. Kila mahali panapotiwa jina ni lazima pafanye kazi: patoe kitu, pakataze kitu, au padai kitu. Migori na Homa Bay zina mahali pa kutosha panapofanya yote matatu, na ni heri kuanza na nzi.

Bonde la Lambwe, katika Homa Bay, lina nyasi ndefu na udongo mzuri. Hata hivyo kwa muda mrefu watu walilikwepa kwa sababu ya mbung'o, mdudu aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Mahali ambapo mkulima na mfugaji walishindwa, wanyama walibaki; leo hapo ndipo ilipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, makao ya korongo, paa mkubwa ambaye nchini Kenya hapatikani porini kwingineko. Fikiria uzito wa jambo hili kwa mtunzi wa dunia. Katika michezo ya kawaida hazina hulindwa na joka la futi 60. Hapa hazina, ambayo ni bonde zima, imelindwa kwa miongo na mdudu atoshaye kutua juu ya ukucha. Joka hupigwa mkuki likafa, wimbo ukaimbwa. Mbung'o hawapigwi mkuki. Wachezaji wanaotaka kuvuka watalazimika kufyeka vichaka, kusafiri usiku, kuacha ng'ombe wao nyuma, au kujadiliana na watu wanaojua njia, na kila uamuzi kati ya hiyo ni hadithi. Tena litazuka swali gumu zaidi: mbung'o wakiangamizwa, korongo atabaki na nani wa kumlinda?

Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, hutoa somo tofauti. Hii ni ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyagandisha, inayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ndani ya eneo hilo mna maboma makubwa manne, nayo ni Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, na katika nchi ile yote ya kusini mwa Nyanza yamerekodiwa majengo ya aina hii zaidi ya 500. Milango yake ni mifupi, kiasi kwamba aingiaye huinama. Mtunzi mvivu ataandika "ngome ya mawe" na kupita. Mtunzi mwangalifu atajiuliza mlango mfupi unafanya nini, na jibu litampa nusu ya utamaduni wa dunia yake: adui huingia mmojammoja akiwa ametanguliza kichwa, mgeni mwema naye huingia ameinama, hivyo heshima na ulinzi vimejengwa kwa jiwe moja. Katika mchezo, mhusika anayekataa kuinama hawezi kuingia. Hakuna dadu inayorushwa kwa hilo.

Ngome hii ina siri nyingine yenye manufaa. Wanahistoria wanaieleza kama makazi yaliyokaliwa kwa zamu na jamii mbalimbali, zile za Kibantu zilizotangulia na Waluo waliofuata, kila kundi likikarabati kuta lililozikuta. Kwa hiyo swali "ngome hii ni ya nani?" halina jibu la neno moja. Dunia ya kubuni yenye maswali ya namna hii huchosha kuiunda lakini haichoshi kuicheza.

Kuhusu kina cha wakati, hakuna haja ya kubuni himaya za miaka 10,000. Katika Kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zinazokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zilizokutwa pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjiwa hapo. Anayetaka jamii ya kale iliyopotea katika dunia yake ataikuta imelala chini ya shamba la mtama.

Sheria ya mgeni na sheria ya tusi

Simbi Nyaima ndiyo hazina kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyo rahisi kuharibika. Ni ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay, maji yake ya magadi yakiwa ya kijani kwa mwani, na heroe hulitembelea. Wanajiolojia husema ni mlipuko wa volkano uliolichimba. Simulizi ya Waluo husema vingine. Mwanamke mzee, mchovu na mwenye njaa, alifika kijijini jioni ya sherehe. Watu walikuwa wakinywa na kucheza, walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Mgeni akamwonya aondoke na jamaa yake, kisha mvua ikaja na kijiji kikazama pamoja na ngoma zake. Simulizi hii ina matoleo kadhaa, lakini mhimili wake haubadiliki.

Kishawishi cha kwanza cha mtunzi ni kulitia ziwa hilo zimwi. Afadhali asifanye hivyo. Kinachotisha katika Simbi ni sheria, na zimwi lingeificha. Mwendeshaji anayeielewa anaweza kuweka hesabu ya siri kwa kila mji wa dunia yake. Mgeni akifukuzwa, hesabu hupanda kwa moja. Ikifika tatu, maji ya kisima huanza kuwa na ladha ya magadi. Ikifika tano, kuku hukataa kulala chini. Ikifika saba, mzee mmoja huonekana akija njiani jioni, naye ndiye mtihani wa mwisho. Wachezaji hawaambiwi hesabu hii. Wataigundua kwa kuona mji wa pili ukizama. Kuanzia hapo watageuka watu wa ajabu sana: mashujaa wenye mikuki wanaozunguka nchi wakiwasihi matajiri wawafungulie wageni mlango.

Simulizi ya Nyamgondho wuod Ombare, ya Nyandiwa katika nchi ya Gwassi, inakamilisha ile ya Simbi. Mvuvi maskini alivua kutoka ziwani bibi mwenye jicho moja, akampeleka nyumbani, na ng'ombe wakamfuata hadi akawa tajiri. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana. Bibi akaondoka, mifugo yote ikamfuata hadi majini, naye Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake akitazama ziwa hadi akageuka mti. Sheria yake ni kwamba mali ya ziwa ni mkopo, na tusi ndilo linaloudai. Kwa mchezo unaochezwa kwa maneno matupu, hii ni sheria maridhawa: kila kauli ya mchezaji ina bei.

Lakini dunia ambayo ziwa lina mizimu na halina mwenye wavu ni dunia ya uongo. Katika fuo halisi za Homa Bay na Migori, mwenye mashua na mwanamke anayenunua omena hawajawa sawa. Desturi ya jaboya, ambayo mwanamke hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili apate samaki wa kuuza, imejadiliwa kwa miaka mingi na watu wa afya kama mojawapo wa njia za kuenea kwa Ukimwi. Kadhalika, katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike na Macalder, wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, na zebaki hudhuru mishipa ya fahamu. Mtunzi wa dunia anaweza kuwa na dhahabu inayokula kumbukumbu za aioshaye, na asiwe amebuni mengi. Kinachotakiwa ni ajue nani anaosha, nani anauza, na nani hajawahi kuigusa ingawa amevaa.

Ngeli na uhai wa viumbe

Hapa Kiswahili kina silaha ambazo lugha nyingi za michezo hii hazina, na inashangaza kwamba hazitumiki.

Ya kwanza ni ngeli. Mwendeshaji akisema "ziwa limekasirika", wachezaji husikia istiari. Wanadhani kuna mawimbi. Akisema "Ziwa amekasirika", hakuna aliyebaki na shaka. Kiambishi kimoja kimelitoa ziwa katika LI-YA na kulipeleka A-WA, likapata nafsi, masikio na kisasi. Ngano zimefanya hivi tangu jadi pale jiwe linaposema na mti unapojibu. Mwendeshaji mwerevu ataificha silaha hii kwa vikao vitatu vizima, akizungumza kwa upatanisho wa kawaida, kisha siku ya nne atateleza makusudi mara moja tu. Mchezaji aliyekuwa akisikiliza sarufi atasimama. Ikumbukwe pia kwamba kamusi huorodhesha ziwa la maji na ziwa la mama, na wingi wa yote mawili ni maziwa. Dini nzima ya watu wa pwani ya ziwa hilo inaweza kutungwa kutokana na neno hilo moja.

Ya pili ni ngeli ya mahali. Tazama sentensi tatu: "Pangoni pana joka." "Pangoni kuna joka." "Pangoni mna joka." Ya kwanza inaelekeza kidole, joka liko pale hasa, na mwenye mkuki anajua pa kuulenga. Ya pili haijui. Joka liko huko kwa jumla, labda mbele, labda nyuma. Ya tatu inasema joka limo ndani na pango limelifunika pande zote, pamoja na yeyote atakayeingia. Hizi ni hofu tatu tofauti, na mwendeshaji anaweza kuzigawa kwa kadiri wahusika walivyopeleleza. Aliyefaulu kwa dadu apewe "pana". Aliyeshindwa apewe "kuna". Aliyekwisha kuingia bila kuuliza apewe "mna".

Njeo nazo zina kazi. Sheria za dunia zisemwe kwa "hu-", maana hazina wakati: mji unaofukuza mgeni huzama. Yaliyotendeka yasemwe kwa "-ka-", yafuatane kama shanga. Na wakati dadu inaviringika, kila mtu mezani yumo ndani ya "-nge-", hali ambayo haijawa na inaweza kutokuwa. Ikikoma, aliyeshindwa huhamia "-ngali-".

Kuhusu majina, ushauri ni kinyume na unavyotarajiwa katika jarida la Kiswahili: lugha hii isimeze majina yote. Mahali pabaki na majina ya Kidholuo, ya Kikuria na ya Kisuba, nacho Kiswahili kiwe lugha ya njiani na sokoni, jinsi kilivyo hasa Isebania mpakani na Tanzania au katika stendi ya mabasi ya Migori, ambako Mluo, Mkuria, Mkisii na Msomali hukutana na kupatana bei. Dunia yenye lugha moja tu haina haja ya mkalimani, na mkalimani ni mmoja wa wahusika bora ambao mchezo huu unaweza kupata.

Kabila lisiwe takwimu

Michezo mingi ya mtindo huu ilirithi mpango ambao mchezaji huchagua kwanza kizazi cha mhusika wake, na kizazi hicho humpa alama: hawa wana nguvu kwa kuzaliwa, wale wana akili kwa kuzaliwa, na wengine ni wabaya tangu tumboni. Wachapishaji wenyewe wamelitafakari jambo hili, na katika toleo la mwaka 2024 la Dungeons & Dragons neno lililomaanisha mbari liliachwa, likatumika neno lenye maana ya spishi. Badiliko hilo huenda likatosha kwa wanaocheza na mazimwi na vibwengo. Halitoshi Migori.

Nchini Kenya, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na watu walitambuliwa kwa majina na lafudhi zao kabla ya kushambuliwa. Migori ni kaunti ya Waluo, Wakuria, Wasuba na wengine wanaopakana shamba kwa shamba. Mwendeshaji anayebuni "kabila la wezi wa ng'ombe" upande wa kusini na "kabila la wavuvi wavivu" upande wa magharibi hajabuni kitu. Ameandika upya matusi ya sokoni na kuyapa alama za dadu.

Historia ya eneo lenyewe inampa njia bora. Wazee wa Wasuba wa Mfangano, Rusinga na Gwassi walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda ya leo wakiwa na lugha ya Kibantu. Vizazi vilivyofuata vilioa na kuolewa na Waluo, vikasoma na kusali kwa Kidholuo, na leo wengi wanaojiita Wasuba hawakisemi Kisuba. Je, mtu huyo ana alama za nani? Swali lenyewe linaonyesha upungufu wa mpango wa alama za kuzaliwa. Katika dunia iliyochotwa hapa, uwezo wa mhusika utokane na alikolelewa, kazi aliyojifunza na watu anaowadai au wanaomdai. Mtoto wa mfua vyuma ajue moto. Aliyelelewa na bibi mtambaji ajue majina ya watu waliokufa. Ukoo umpe jamaa wa kumpokea na maadui wa kurithi, bali usimpe akili wala tabia.

Wenye simulizi

Katika miaka ya 1970, waliochapisha Dungeons & Dragons walilazimika kuliondoa neno "hobbit" kwa kuwa wenye haki za kazi za Tolkien walilalamika. Kiumbe kile kile kikapewa jina jingine. Tolkien mwenyewe alikuwa amechota kwa wingi katika hekaya za Wafini na mashairi ya Kiingereza cha kale, wala hakuna aliyemtoza. Simulizi za Simbi na Nyamgondho ziko upande huo wa pili wa uzio: hazina wakili. Kinachompasa mtunzi hapa hakitokani na sheria, ndiyo maana kinahitaji kufikiriwa.

Chukua Gor Mahia. Wengi wanalijua jina hilo kama la klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968. Mwenyewe alikuwa Gor wuod Ogada, kiongozi na mganga wa Kanyamwa, katika eneo la Ndhiwa ya leo, aliyesifika kwa kujigeuza umbo hata maadui na wakoloni wakashindwa kumtambua. Kwa mchezo huu hakuna zawadi kubwa kuliko mtu wa aina hiyo. Lakini Gor aliishi, alizaa, na ana wajukuu wanaolitaja jina lake kwa heshima. Njia ya busara ni hii: anayebakiza jina abakize na sifa zake, na anayetaka kumfanya mhaini au mzaha abuni mtu mwingine mwenye jina jingine. Vivyo hivyo kwa michoro ya miduara na mizunguko, myekundu na myeupe, iliyoko kwenye miamba ya Mfangano, inayohusishwa na Watwa wa kale na ambayo wenyeji waliiunganisha na mvua. Mchoro unaweza kubuniwa. Mwamba halisi usiandikwe kuwa mlango wa kuzimu katika mchezo ambao kesho utawaleta watalii kuukwangua.

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi mtu akikumbuka kwamba mawazo ya ajabu yamewahi kuwatia watu wa Nyanza kifungoni. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alieleza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza na kumtapika akiwa hai, akampa ujumbe kwamba Wazungu wangeondoka. Ujumbe ulienea hadi Nyanza Kusini na Ugusii. Serikali ya kikoloni haikuona hapo hadithi ya watoto. Iliwaandama wafuasi na kuwapeleka baadhi ya viongozi uhamishoni. Walikuwa wameunda ulimwengu wa pili na kuanza kuishi ndani yake.

Kuna pia faida inayoweza kurudi kwa wenyewe. Mfangano kuna kituo cha jamii kiitwacho Ekialo Kiona, maneno ya Kisuba yenye maana ya "dunia nzima", ambacho redio yake imewahi kutangaza kwa lugha hiyo. Kundi la wachezaji likiamua kwamba mizimu ya visiwa vyake huzungumza Kisuba peke yake, mwendeshaji atalazimika kumtafuta mtu anayekijua, amuulize maneno 20, halafu 50, na wachezaji watalazimika kuyakariri ili wahusika wao wasife. Hiyo si sera ya lugha. Ni jioni moja ya Jumamosi, lakini maneno 50 ni maneno 50.

Kikao cha kwanza

Ulimwengu mzima hauhitajiki ili kuanza. Kikao cha kwanza kisivuke ufuo mmoja: nyumba kumi, mashua tatu, mwenye mashua mmoja, mwanamke mmoja anayemdai, na usiku. Wakazi wa kando ya ziwa wanazijua nyawawa, pepo zinazosikika zikipita usiku, na desturi ya kugonga sufuria na mabati ili kuzisindikiza zirudi majini. Mwendeshaji aanze na sauti hiyo, na nyumba moja isiyogonga. Wachezaji wataenda kwenye nyumba hiyo bila kuambiwa.

Kwa kuwa wanaocheza kupitia mtandao hawaoni nyuso za wenzao vizuri na mawasiliano hukatika, inafaa kila kauli iliyokubaliwa iandikwe. Awepo karani wa kikao, na asiwe mwendeshaji. Aandike majina yaliyotajwa, madeni yaliyowekwa, wageni waliofukuzwa na lango walipofukuziwa. Lililoandikwa huwa sheria na hata mwendeshaji halifuti. Ukarani uende kwa zamu, na daftari lisomwe kwa sauti kabla ya kila kikao kipya, likianzia pale lilipokomea.